Zamu ya Waithira

Eldoret, 8 Machi 2008

Kwa Kipyego wangu, huko India kwa watu wa pilipili,

Salamu kutoka Kimumu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na goti langu tangu zamani si mtu wa kutegemewa. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama dume, kwa hiyo hatumpongezi sana. Lile jino langu la mbele lililobaki limekwenda. Liling'okea ndani ya hindi la kuchoma, nikalitafuna kidogo kabla ya kujua ni langu. Sasa nikicheka, watoto wa jirani wanakimbia.

Anayeandika ni Lawrence wa saiba, lile duka la kompyuta pale karibu na soko. Ni Mluhya, lugha yetu haijui, kwa hiyo natumia Kiswahili changu cha kuuzia maziwa. Nimemwambia aandike kila neno vile linatoka, asinitengeneze nikawa mwalimu. Usiseme Kogo, bibi yako, amenyamaza tangu Krismasi. Saiba ilifungwa Januari kwa ghasia za uchaguzi unazozijua, na mimi bila kidole cha Lawrence ni bubu.

Sasa shida. Unajua kikundi chetu cha wamama hupanda pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka nyumba zote ziishe. Kwa miaka tulipanga zamu kwa mdomo, na kwa mdomo huo huo tukatukanana. Desemba ulipokuja likizo ukasema, "Kogo, kompyuta itapanga," ukatutengenezea ile karatasi ya visanduku. Waithira wa kwanza, kwa sababu shamba lake liko juu kwenye mwinuko na udongo wake huwa tayari mapema. Mimi wa mwisho, kwa sababu kwetu mkubwa ndiye hufunga kazi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, na sikuelewa chochote.

Wiki iliyopita Cherono mwenyekiti alikuja hapa akamwambia Lawrence aondoe jina la Waithira. Eti hayupo. Ni kweli hayupo, yuko Showground, kwenye kambi ya waliofukuzwa, chini ya turubai. Nyumba yake unajua ilivyochomwa. Lawrence akaufuta mstari wake wote, na karatasi ilipotoka kwenye mashine, hakuna nyumba hata moja yenye siku. Kila mahali pana alama ile ile, imeanza na kitu kama geti la fito. Mama mmoja akasema ni laana. Cherono akasema ni virusi. Mimi nilisema ni Kipyego.

Tengeneza. Mvua iko njiani.

Kogo yako,
Taprandich


Pune, 17 Machi 2008

Kogo mpendwa, chamgei.

Nimefurahi mpaka nimesoma barua mara tatu, na kwa jino lako nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka mzee mmoja akahama kiti. Mimi ni mzima. Joto la huku linaingia hata ndani ya maji ya kunywa. Nimejifunza kupika dengu. Wenzangu wamejifunza kukataa kwa adabu.

Kosa si la Lawrence wala si laana. Ni kiburi changu. Ngoja nieleze.

Kompyuta kwa kawaida hupewa amri: fanya hiki, kisha kile, kisha badilisha kile. Mimi kwenye lahajedwali lenu, ile karatasi ya visanduku, sikuandika amri hata moja. Kila kisanduku nilikiambia tu wewe ni nani ukilinganishwa na wenzako. Kisanduku cha Cherono kinasema, "Mimi ni siku ya Waithira, ongeza siku ambazo shamba lake litachukua." Anayemfuata anasema vivyo hivyo juu ya Cherono, mpaka kwako. Hiyo ndiyo fomula. Hakuna kisanduku kinachoingia kwa mwenzake kuvuruga vitu. Kinauliza, kinajibiwa, basi. Kiulize swali lile lile mara mia, kitajibu lile lile. Ukibadilisha siku ya juu, wote wa chini wanajipanga upya wenyewe.

Profesa wangu anasema kuandika hivyo ni kuandika programu kamili, ya aina ya fomula tupu. Eti akina mama wanaoandika fomula ofisini ni waandishi wa programu na hawajiiti hivyo. Nikaipenda sana ile habari. Karatasi yenu ndiyo kazi yangu ya kumalizia masomo, Kogo. Niliandika kwa maneno yangu kwamba programu ya namna hii "haiwezi kuvunjika, kwa sababu ndani yake hakuna kitu kinachobadilishwa." Sikufikiria mtu atakayeng'oa mstari mzima. Cherono alimwuliza Waithira, Waithira hakuwepo, Cherono akakosa jibu. Aliyemwuliza Cherono naye akakosa. Ndiyo zile alama za geti. Maana yake ni "niliyekuwa namtegemea simwoni."

Kutengeneza ni rahisi. Nipe siku ya kuanza, niiandike kwa Cherono, yeye awe wa kwanza.

Ndugu yangu Vincent hajibu simu zangu. Yuko wapi? Na zile siku za Januari alikuwa wapi?

Mjukuu wako,
Kipyego


Eldoret, 29 Machi 2008

Kipyego,

Salamu. Ndama dume sasa anaruka. Goti haliruki. Mchungaji amehubiri upatanisho Jumapili mbili mfululizo, na watu wamekaa kila mmoja kwenye benchi lake lile lile. Kabeji zimeshikwa na wadudu. Vincent anakula vizuri.

Barua yako nilisomewa mara mbili, na mara ya pili nilimlipa Lawrence soda. Umesema kuna kitu duniani ambacho ukikiuliza swali lile lile mara mia kinajibu vile vile, na hakiingii kwa jirani kuvuruga vitu. Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika, na nimekaa kwenye kamati ya kanisa. Sijakutana nacho. Labda unamaanisha ng'ombe aliyekufa.

Lakini hilo la Cherono, hapana. Cherono akikaa juu ya mstari, nafasi ya Waithira imezibwa. Mwaka huu watasema hayupo, mwaka ujao watasema hakuwahi kuwepo. Na shamba lisilopandwa msimu mmoja lina wapenzi wengi. Mtoto wa Cherono ameshapita pale mara mbili akilipima kwa miguu, eti anatafuta mbuzi. Mbuzi gani hutafutwa kwa hatua ndefu namna hiyo?

Kwa hiyo nikafanya akili yangu mwenyewe. Nilimwambia Lawrence, "Niweke mimi pale juu, nimshikie Waithira kiti." Akaniuliza, "Mama, siku yako ni gani?" Nikasema, "Siku yangu ni ile ile, ya mwisho. Mimi ni mkubwa, siwezi kupandiwa mbele ya watu kama mwenye njaa." Akasema, "Sasa uko juu au uko mwisho?" Nikasema, "Niko juu na niko mwisho, andika." Akaandika kwamba kisanduku cha juu kiulize kisanduku changu cha chini, na cha Cherono kiulize hicho cha juu.

Mashine ikapiga kelele. Lawrence akaibembeleza. Ikatoa karatasi, na safari hii siku zimejaa kila nyumba, nami nikaibeba kwa maringo mpaka Kimumu. Cherono ndiye aliyesoma. Akasoma, kisha akasoma tena kwa sauti mbele ya kikundi: sisi wote tupande tarehe sifuri, mwezi wa Januari, mwaka wa elfu moja na mia tisa.

Tarehe sifuri! Kipyego, mwaka huo hata Sisibo, mji wetu huu wa Eldoret, haikuwepo, hapa palikuwa nyasi na swara. Wamama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Kogo, tutakuta umeshapalilia?" "Kogo, mwaka huo ulikuwa na meno?" Nimekuwa mchezo. Jana kwenye kisima mtu ameniuliza kama mbegu za mwaka huo zilikuwa bei nafuu.

Nimeharibu nini?

Kogo yako


Pune, 5 Aprili 2008

Kogo,

Chamgei. Huku nimekuwa mchezo vile vile, kwa hiyo usijione peke yako.

Ulichofanya ni kujizungusha. Wa juu anauliza wa chini, wa chini anauliza aliye juu yake, huyo anamwuliza mwingine, mpaka wanarudi kwa wa juu, ambaye bado anangoja jibu la wa chini. Wote wanangojana kwa heshima, na hakuna anayeanza. Mashine ikichoka hujibu sifuri, na sifuri kwenye kalenda yake ndiyo ile Januari ya mwaka wa kale.

Mimi nilikuwa na hakika nimeweka ulinzi dhidi ya jambo hilo. Nikamfungulia Profesa faili aliyotuma Lawrence, nikiwa nimeshamwambia, "Hata bibi yangu ambaye hakwenda shule anaitumia bila shida." Ikafunguka. Tarehe sifuri, mstari kwa mstari. Akavaa miwani, akavua, akasema, "Inaonekana bibi yako amepata kitu ambacho mjukuu wake hakukijaribu." Darasa zima likapasuka. Nilitaka kuingia kwenye droo.

Halafu akasema jambo moja la maana. Fomula ziwe nyingi na za akili namna gani, mahali fulani lazima kiwepo kisanduku kisichouliza mtu. Mtu anaandika pale kwa mkono wake: siku fulani. Siku za wengine wote zinatoka hapo. Desemba Waithira ndiye aliyenipa ile siku, tulikuwa tumesimama mlangoni kwake akinimiminia chai. Sikumbuki kama nilimaliza kikombe.

Nimerudisha mstari wake mahali pake. Jina lake liko juu, na kisanduku cha siku kiko tupu. Mkikijaza tu, nyumba zote zitapata siku.

Kuhusu kurudi nyumbani mwezi wa sita, tutaongea. Kuna kazi huku nimeitwa kuhojiwa. Vincent bado hajibu.

Kipyego


Eldoret, 16 Aprili 2008

Kipyego,

Salamu za mvua. Imefika kwa kuchelewa, lakini imefika na hasira. Lawrence amehamia kulala hapa hapa saiba, anasema ni karibu na kazi. Mimi sikumwuliza maswali, nimemletea mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Amekunywa akifumba macho kama anayekunywa dawa, lakini amemaliza.

Watu wameanza kupanda kila mtu kivyake, kama kuku. Nyumba mbili tayari. Kikundi kinakufa, na shamba la Waithira liko wazi limelala pale juu.

Kwa hiyo nikaenda Showground kumwomba siku. Nilivaa ile kofia ya kanisa. Kwa nini nilivaa kofia ya kanisa kwenda kwenye turubai, niulize na sitajua. Nilimkuta anachambua maharagwe ya msaada, yale yenye mawe. Hakunyanyuka.

"Umekuja kutazama waliobaki?" akasema.

"Nimekuja kukuuliza siku."

"Siku gani?"

"Ya kupanda kwako. Mashine inakungoja."

"Mashine." Akawaita wenzake. "Njooni msikie! Nyumba yangu ni majivu, na huyu mama ametoka Kimumu na goti lake na kofia yake kuniambia mashine inaningoja."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukisikia yakisemwa hivyo, kweli ni upuzi.

"Wewe ndiye wa juu," nikamwambia. "Wengine wote wanauliza kwako."

"Januari waliuliza kwangu?"

Nikavuta sinia nimsaidie kutoa mawe. Macho yangu nayo unayajua: nikawa natoa maharagwe na kuacha mawe. Akaninyang'anya sinia.

"Mama Eliakim," akasema, akiniita kwa jina la baba yako marehemu, kama alivyoniita siku zote, "nenda nyumbani. Mvua itakunyeshea."

Nikaenda. Ikaninyeshea. Kofia imekuwa kama uyoga.

Sina siku. Nimerudi bila kitu, nikiwa nimelowa kama kuku wa mazishi. Usinitumie maneno ya Profesa, nipe maneno yako.

Kogo yako


Pune, 20 Aprili 2008

Kogo,

Nimeandika barua hii mara nne na kuifuta.

Mimi ningeweza kujaza kile kisanduku nikiwa huku, kwa kubonyeza mara moja. Siku yoyote ya mwezi huu. Lakini nilipoweka kidole nikaona ni uongo. Mtu aliyeko Pune aandike siku ya shamba lililoko Kimumu, halafu mvua imnyeshee mwingine?

Nakuuliza tena, na usinijibu kwa habari za kabeji. Vincent alikuwa wapi walipokwenda kuichoma nyumba ya Waithira?

Ile kazi wamenipa. Sijawajibu.

Kipyego


Eldoret, 2 Mei 2008

Kipyego,

Salamu. Sitataja ndama, nina haraka na nina udongo mpaka magotini. Lawrence ameweka magazeti chini ya kiti changu, na bado ananikunjia uso.

Swali lako. Aliye mbali huuliza kwa urahisi. Mwulize Vincent mwenyewe, uso kwa uso, na wewe umekaa karibu naye kiasi cha kumshika mkono au kumpiga kofi. Mimi nimemwuliza. Alichonijibu sikitii kwenye kidole cha mtoto wa watu.

Sasa sikiliza. Jumatatu nilikuja hapa nikamwambia Lawrence, "Andika juu, kwa Waithira, tarehe mbili mwezi wa tano." Akasema, "Mama, yeye amekubali?" Nikasema, "Hajakubali. Andika." Akaandika, na huko chini kila nyumba iliyobaki ikashika siku yake, taratibu, moja moja, kama watu wanaoingia kanisani. Nikaibandika mlangoni pa kinu cha unga.

Cherono akaja kwangu mbio. "Nani ameipa hiyo tarehe?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa. Nimeshakuwa kichekesho cha mwaka wa elfu moja mia tisa, unafikiri nitaogopa cha mwaka huu?"

"Na watu wasipokuja?"

"Nitapanda mimi na goti."

Basi leo asubuhi nikaenda na jembe langu na mbegu zangu za akiba. Nikachimba mashimo. Nilikuwa peke yangu kwa muda mrefu, na nilijua jinsi ninavyoonekana kutoka barabarani: bibi bila meno anapanda shamba la mwenyewe ambaye amemkataa. Nikainama nikaendelea, maana nikisimama ningerudi nyumbani. Halafu nikasikia majembe nyuma yangu. Wamama watatu, kisha wengine. Hawakunisalimu, wakashika mistari. Cherono alifika mwisho, akasema amekuja kuangalia tu, akaangalia, kisha akashika mstari. Vincent akaja na gunia la mbolea begani. Sikumtuma. Akaliweka chini akasimama kando, hakuna aliyemwambia aondoke na hakuna aliyemwambia kaa.

Nusu ya shamba ilikuwa imekwisha nilipomwona Waithira anapanda mwinuko. Sijui nani alimwambia. (Lawrence anaandika huku ameangalia pembeni.) Alikuja na kanga yake ileile ya Showground, mkono umeshika kiuno. Sote tukasimama.

Akatazama shamba. Akatazama mistari. Akaja mpaka kwangu, akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye matope.

"Nani amepanda huu?"

"Mimi," nikasema.

"Hii ni mistari au ni njia ya nyoka?"

"Macho yangu..."

"Macho yako! Maharagwe yangu yalikwisha kwa macho yako. Ng'oeni. Ng'oeni hii yote mpaka pale. Shamba langu linaonekana kutoka barabarani, watu waseme Waithira hajui kupanda?"

Tukang'oa, Kipyego. Mbegu moja moja, kutoka kwenye udongo, kwa vidole. Cherono naye aking'oa akinung'unika kwamba yeye mstari wake ulikuwa sawa. "Wako ndio mbaya zaidi," Waithira akamwambia. Akachukua kamba, akaifunga kwenye vijiti, akatuvutia mistari upya, na sisi tukafuata kamba kama watoto wa chekechea. Alipofika karibu na Vincent hakumtazama. Alisema tu, kwa hewa, "Hiyo mbolea haijitembezi." Vincent akainama akaanza kuitia kwenye mashimo. Hawakuzungumza zaidi ya hapo, na mimi sitakudanganya kwamba walizungumza.

Tumemaliza saa nane. Nikamwambia Waithira alale kwangu. Akakataa. Akasema usingizi wake bado haujui njia ya Kimumu. Sikubishana. Nikamsindikiza. Ilikuwa niishie barabarani kama desturi, lakini kila nikitaka kuagana mguu unakataa, mpaka tukafika mjini wote wawili, na ndiyo maana niko hapa saiba na udongo huu. Njiani tulizungumza juu ya wadudu wa kabeji. Anasema majivu ndiyo dawa. Akalirudia neno hilo, majivu, kisha akaendelea kunieleza kipimo.

Pale mlangoni tukaagana, akaondoka kuelekea Showground. Alikuwa ameshafika upande wa pili wa barabara ndipo nikaona jembe langu liko begani mwake.

Nikapiga kelele, "Waithira! Jembe langu unalipeleka wapi?"

Hakugeuka hata. Akasema, "Kesho si kwa Cherono?"

Lawrence anauliza kama tumemaliza. Tumemaliza. Hiyo kazi yako wajibu watu wa watu, usiwakalishe. Mimi nawahi duka kabla halijafungwa, kesho ni kazi na sina jembe.

Kogo yako,
Taprandich